Siku Kumi Bila Kahawa

Kahawa haiongezi nguvu. Hili nililisoma nikiwa mwaka wa kwanza chuoni, nikalijibu kwenye mtihani, nikapata alama zangu, kisha nikaendelea kuinywa kama mtu anayejaza mafuta kwenye pikipiki. Kikombe cha kahawa chungu bila sukari hakina karibu chochote ambacho mwili unaweza kukichoma ukapata nguvu. Kilichomo ni kafeini, na kazi ya kafeini ni kuzuia taarifa isikufikie. Taarifa yenyewe ni kwamba umechoka.

Anayeleta taarifa hiyo ni adenosini. Seli za mwili zikitumia nguvu hubakiza adenosini, kama jiko la mkaa linavyobakiza majivu. Tangu unapoamka asubuhi majivu hayo yanarundikana kwenye ubongo. Adenosini ina vipokezi vyake juu ya seli za neva. Ikishika pale, seli inapunguza kasi, macho yanakuwa mazito, mwili unaanza kutafuta kitanda. Sasa umbo la kafeini linafanana na la adenosini kiasi cha kuweza kukaa kwenye vipokezi hivyo, lakini halifanani kiasi cha kuviwasha. Inakaa tu. Ni kama abiria aliyekalia siti ya mwenzake ndani ya daladala: hafanyi lolote, ila mwenye siti anabaki amesimama mlangoni. Adenosini haijaenda popote. Inaongezeka, inasubiri. Kafeini ikianza kupungua, inaingia kwa pamoja, na ndiyo maana kuna saa za jioni unahisi umetwishwa gunia la mahindi.

Kuna jambo la pili, na hili ndilo lililonitia wasiwasi. Katika sehemu ya ubongo iitwayo striatamu, vipokezi vya adenosini vya aina ya A2A vimekaa bega kwa bega na vipokezi vya dopamini vya aina ya D2. Dopamini ndiyo kemikali inayotusukuma kukifuata kitu: chakula, sifa, meseji iliyoingia kwenye simu. Adenosini ikiwa imeshika, inaibana dopamini kama breki. Kafeini inaiachia breki hiyo. Dopamini ile ile uliyokuwa nayo inafanya kazi kwa urahisi zaidi, na dunia inaonekana ina mvuto kuliko nusu saa iliyopita. Mwanga ni ule ule, watu ni wale wale, lakini kila kitu kinastahili kufuatwa.

Mwezi wa kumi na moja mwaka jana nilihitaji kujua jambo moja kuhusu moyo wangu, na nilishuku kwamba kahawa ndiyo inayoujibia.

Ninaishi Engutoto, chumba kimoja na kibaraza. Nasoma shahada ya uzamili ya sayansi za uhai pale Tengeru, kwenye Taasisi ya Nelson Mandela. Kila asubuhi napanda daladala hadi mjini, kisha nyingine ya barabara ya Moshi, na siku za gulio la Tengeru, Jumatano na Jumamosi, nasimama njia nzima katikati ya matenga ya nyanya. Karibu na ninaposhukia mjini kuna kijiwe cha kahawa. Mzee mmoja ana birika juu ya jiko la mkaa, vikombe vidogo ndani ya ndoo ya maji, na sahani ya kashata za karanga. Wanaume wanakaa kwenye benchi wanapanga kikosi cha Simba na Yanga. Mimi nakunywa nimesimama, nalipa, naondoka. Hicho ndicho kilikuwa kikombe chango cha kwanza. Hadi usiku vilifika vinne.

Nyumbani hatukunywa kahawa. Hilo linawashangaza watu wa mbali, kwa sababu nimezaliwa kwenye mibuni. Shamba la Koko, bibi yangu mzaa baba, liko juu ya Ilboru, kwenye miteremko ya Meru, mibuni chini ya migomba kama mashamba mengi ya Waarusha na Wameru. Tulichuma, tulimenya, tulianika kwenye vichanja, tukapeleka chama cha msingi, na huko ikaenda mnadani Moshi kisha nje ya nchi, kama inavyoenda sehemu kubwa ya kahawa ya Tanzania. Kahawa ilikuwa ada ya shule. Ilikuwa mabati ya nyumba. Kuinywa kungekuwa kama kuchemsha noti. Tulikunywa chai ya maziwa, na mara ya kwanza kuonja kahawa halisi nilikuwa na miaka kumi na tisa, mbali na nyumbani.

Yeye anatoka Bukoba. Yuko mwaka mmoja mbele yangu, na utafiti wake ni wa kupunguza floridi kwenye maji ya kunywa. Ukiwa umekulia kuzunguka Mlima Meru unajua maana yake. Maji yetu mengi hutoka kwenye miamba ya volkano yakiwa na floridi nyingi, na mtoto akiyanywa wakati meno yake yanaota, meno yanatoka na madoa ya kahawia yasiyofutika. Nina meno hayo. Nimejifunza kucheka nikiwa nimefunika mdomo. Siku tulipofahamiana alinitazama mdomoni kabla ya kunitazama machoni, akauliza, "Samahani dada, umekulia upande gani wa mlima?" Nilitaka kuondoka. Nilibaki, kwa sababu aliuliza kama mtu anayeuliza mvua imenyesha wapi.

Wiki iliyofuata alinipa kifurushi kidogo kilichofungwa kwa majani makavu ya mgomba. Ndani yake kulikuwa na akamwani, buni za robusta ambazo Wahaya huzichemsha pamoja na majani yenye harufu, wakazikausha, wakazitafuna. Kwao ndicho kitu anachopewa mgeni akishaketi. Walikuwa wakiitafuna kahawa hivyo muda mrefu kabla ya wamisionari kuileta arabika Kilimanjaro. Robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika, kwa hiyo zawadi yake ya kwanza kwangu, kwa lugha ya maabara, ilikuwa dozi.

Alinieleza pia kuhusu omukago, udugu wa kuchanjiana. Zamani, Buhaya na hata Buganda, watu wawili waliotaka kuwa ndugu walichanjwa karibu na kitovu, wakachukua tunda moja la kahawa, ambalo ndani yake huwa na punje mbili zilizotazamana, kila mmoja akapaka punje yake damu, kisha wakabadilishana na kumeza. Kuanzia hapo ugomvi kati yao ulikuwa mwiko. Nilisikiliza hadithi hiyo nikiwa natafuna, na moyo wangu ulikuwa unadunda hadi nikausikia masikioni.

Miezi minane tuliyojuana ilikuwa hivyo hivyo. Kila tulipokutana kulikuwa na kikombe. Baada ya maabara, kahawa. Kabla ya kupitia takwimu, kahawa. Saa tatu usiku tukisubiri usafiri, kahawa ya chupa aliyobeba kwenye begi. Sikumbuki hata mara moja niliyokaa naye nikiwa sina kafeini kwenye damu. Na isingewezekana, ukipiga hesabu. Kwa mtu mzima wa kawaida, nusu ya kafeini hubaki mwilini takriban saa tano baada ya kunywa. Kikombe cha saa kumi jioni bado kina nusu yake saa tatu usiku, na robo yake saa nane usiku wa manane. Anayevuta sigara huimaliza haraka zaidi. Mwanamke anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango huimaliza kwa muda unaokaribia mara mbili. Mjamzito hukaa nayo muda mrefu zaidi hata ya hapo.

Mwezi wa kumi aliniambia kwamba wazee wake wako tayari kusafiri kutoka Bukoba mwezi wa kumi na mbili kuleta posa. Hakunisukuma. Alisema tu, "Nahitaji kujua kama niwaambie wakate tiketi." Nikaomba wiki mbili.

Usiku ule sikulala, na kwa mara ya kwanza nilijiuliza swali ambalo msomaji wa sayansi za uhai alipaswa kulifikia tu: kinachonidunda ni yeye, au ni kahawa?

Usicheke. Swali hili lina historia. Mwaka 1974 wanasaikolojia wawili, Donald Dutton na Arthur Aron, walifanya jaribio kwenye daraja la kamba la Capilano, karibu na Vancouver nchini Kanada. Daraja lile linaning'inia takriban mita 70 juu ya mto na linayumba ukilitembea. Wanaume waliolivuka walikutana na mwanadada aliyewauliza maswali kisha akawapa namba yake ya simu. Wengine walikutana na mwanadada kwenye daraja imara, fupi kwenda chini. Wale wa daraja linaloyumba walimpigia simu baadaye kwa wingi zaidi. Maelezo ya watafiti yalikuwa kwamba mwili hauandiki sababu ya mapigo ya moyo. Moyo unakwenda mbio, mikono inatoka jasho, na akili inatafuta karibu yake mtu wa kumbebesha sababu. Walikuwa wanaogopa urefu, wakaliita jina la mwanadada.

Mimi nilikuwa na daraja langu, vikombe vinne kwa siku. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilisema mwaka 2015 kwamba mtu mzima mwenye afya anaweza kutumia hadi miligramu 400 za kafeini kwa siku bila wasiwasi, na kikombe kikubwa cha kahawa kina kama miligramu 90 hadi 100. Nilikuwa juu ya mstari, na akamwani sijaihesabu.

Kwa hiyo niliamua kuacha kwa siku kumi. Kahawa, chai, soda nyeusi, vyote. Sikumwambia. Mtu akijua anapimwa hubadilika, na hilo ni somo la kwanza la mbinu za utafiti. Nilimwambia tumbo linanisumbua, nakunywa maji ya moto yenye tangawizi. Nikafungua ukurasa mpya kwenye daftari.

Siku ya kwanza haikuwa na kitu. Siku ya pili kichwa kilianza kunigonga nyuma ya macho tangu alfajiri. Ukinywa kahawa kila siku, ubongo hujibu kwa kuongeza vipokezi vya adenosini, kama kondakta anayeongeza siti za mbao kwenye korido. Ukiacha ghafla, siti zote ziko wazi na abiria wote wanaingia. Mishipa ya damu ya kichwani, ambayo kafeini ilikuwa inaibana, inatanuka. Dalili huanza kati ya saa 12 na 24 baada ya kikombe cha mwisho, huwa kali zaidi siku moja au mbili baadaye, na huisha kati ya siku mbili na tisa. Niliyajua yote haya. Kuyajua hakukunisaidia chochote nikiwa nimeegemea dirisha la daladala pale Sakina, nikitamani kila anayeongea anyamaze.

Siku ya tatu tulikutana. Alikuwa na furaha. Alikuwa amepata matokeo mazuri kwenye chujio la mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, ambayo hunasa floridi, na alinieleza kwa dakika arobaini. Nilimtazama mdomo ukicheza. Moyo wangu ulikuwa umetulia kama wa ng'ombe aliyelala. Sikuhisi chochote isipokuwa usingizi, na katikati ya maelezo kuhusu ukubwa wa chembe niliwaza, kwa mara ya kwanza tangu nimjue: huyu mtu anachosha.

Nilirudi Engutoto nikaandika sentensi hiyo kwenye daftari. Nikaiangalia. Niliogopa sana.

Usiku huo nikafanya wanachofanya wanafunzi wakiogopa: nikasoma. Mwaka 2005 Helen Fisher, Arthur Aron yule yule wa daraja, Lucy Brown na wenzao walichapisha utafiti wa watu 17 waliokuwa wamezama kwenye mapenzi mapya. Waliwaingiza kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo, wakawaonyesha picha ya mpenzi, kisha picha ya mtu mwingine wanayemfahamu. Picha ya mpenzi iliamsha sehemu inayotengeneza dopamini katikati ya ubongo, na eneo la striatamu linalopokea dopamini hiyo. Hitimisho lao lilikuwa kwamba mapenzi mapya yanafanya kazi kama kiu kuliko kama hisia: yanakusukuma kufuata, kama njaa inavyosukuma. Miaka michache kabla ya hapo, mwaka 1999, Donatella Marazziti na wenzake wa Pisa nchini Italia walipima damu za watu 20 walioanguka kwenye mapenzi karibuni. Waliangalia kibebaji cha serotonini kwenye chembe sahani, wakakuta kimepungua kwa kiwango kinachofanana na cha wagonjwa wenye mawazo yasiyokatika, wale wanaonawa mikono mara hamsini. Walipowapima tena baadhi yao baada ya mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, viwango vilikuwa vimerudi kawaida. Mapenzi yenyewe yalikuwa bado yapo, lakini ile homa ilikuwa imeisha.

Kwa hiyo kahawa na mapenzi mapya vinapita mlango mmoja, na mlango huo ni dopamini. Vyote viwili hukufanya ulale kidogo na uone siku inatosha. Vyote viwili hukuficha uchovu wako mwenyewe. Vikiondoka, vyote viwili huuma. Tofauti moja niliyoiona wazi usiku ule ni kwamba kahawa haina kumbukumbu nawe. Inamfanyia kazi yeyote aliyeimeza, hata mtu anayemchukia aliyeimimina.

Siku ya sita ilikuwa Jumapili. Nikapanda kwa Koko. Kichwa kilikuwa kimetulia, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka nilikuwa nimelala saa nane mfululizo. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza siku chache kabla, na mibuni ilikuwa imechanua yote kwa pamoja, maua meupe yamejipanga kwenye matawi hadi majani hayaonekani, harufu kama ya asumini. Maua hayo hudumu siku mbili tatu tu. Nyuki walikuwa wamejaa.

Nilisimama pale nikakumbuka utafiti mwingine. Mmea wa kahawa hutengeneza kafeini kwa sababu zake; kwenye majani na mbegu ni uchungu wa kufukuza wadudu. Lakini ipo pia kwenye nekta ya ua, kwa kiasi kidogo mno, chini ya kile ambacho nyuki anaweza kuonja akakikataa. Mwaka 2013 Geraldine Wright na wenzake walionyesha kwamba nyuki waliopewa sukari yenye kafeini kidogo walikumbuka harufu ya ua siku ya pili yake kwa mara tatu zaidi ya wale waliopewa sukari tupu. Ua halimpi nyuki chakula zaidi. Linampa kumbukumbu, ili arudi. Niliangalia nyuki wale wakirudi na kurudi, nikaona aibu kidogo, kama mtu aliyechungulia kioo bila kujiandaa.

Nikamwinamishia Koko kichwa, akanigusa utosini. Akaniuliza mbona nimepungua. Nikamweleza kuna kijana, ni Mhaya, wazee wake wanataka kuja. Alinyamaza muda mrefu. Nilitegemea aniulize dini, ukoo, ng'ombe. Aliuliza, "Umeshamwona akichoka?"

"Kuchoka vipi, Koko?"

"Kuchoka. Mwili ukimwisha. Anafanyaje?"

Sikuwa na jibu. Tulikuwa tumekunywa kahawa miezi minane.

Akanisimulia kuhusu Babu. Hawakuchaguana, wazee walipanga. Mwaka wa kwanza alimwogopa, wa pili alimzoea. Mwaka wa tatu kahawa ilizaa sana, na tunda likishachumwa haliwezi kulala, lazima limenywe siku ile ile. Walimenya kwa mashine ya mkono, kwa mwanga wa koroboi, hadi usiku wa manane, yeye akiwa na mtoto mgongoni. Babu alikuwa amechuma tangu alfajiri. "Mkono wake ulikuwa unatetemeka," alisema. "Akaniambia, 'Mama fulani, nenda kalale, mtoto anapigwa baridi.' Akabaki anazungusha mashine peke yake. Nikasema moyoni, haya, kumbe." Hakumalizia. Akachukua jembe lake akaenda kuangalia migomba.

Siku ya nane umeme ulikatika pale anapofanyia vipimo, na sampuli zake za wiki mbili zikaharibika. Nilimkuta amekaa nje kwenye ngazi, saa mbili usiku. Hakuwa na chupa ya kahawa. Nikaketi pembeni. Nikamuuliza amekula, akanijibu vibaya, neno moja, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Nikanyamaza. Tukapanda daladala kimya, tukashuka kimya. Mwili wangu haukuwa na cha kuuficha uchovu. Nilihisi kila kilo yake, na nilihisi pia hasira yangu ikiwa safi, bila kitu cha kuipamba. Kabla hatujaachana akasema, "Nimechoka na nimekujibu vibaya. Nikiendelea kuongea leo nitaharibu. Naomba tuongee kesho."

Saa moja asubuhi simu ikalia. Hakuanza na sampuli. Alianza na lile neno moja, akalitaja kama lilivyokuwa, akaomba radhi, kisha akauliza kama mimi nilikuwa nimekula.

Nililala tena kitandani na simu juu ya kifua. Moyo ulikuwa unakwenda taratibu. Nilihesabu kwa saa ya simu: mapigo 64 kwa dakika. Hakukuwa na daraja lolote lililoyumba. Na nilitaka kumwona siku ile, si kwa ile kiu niliyoizoea. Nilitaka kumpelekea chakula na kusikia ataanzaje upya hizo wiki mbili.

Sitakudanganya kwamba huu ulikuwa utafiti. Mhusika mmoja, hakuna kundi la kulinganisha, mtafiti ndiye mtafitiwa na ana maslahi na matokeo. Msimamizi wangu angeurudisha kwa ukurasa wa kwanza. Lakini kuna utafiti halisi unaoelekea huko huko. Bianca Acevedo, akiwa na Fisher, Brown na Aron, aliwapiga picha za ubongo watu 17 waliokaa kwenye ndoa kwa wastani wa miaka 21 na wanaosema bado wanapenda sana. Eneo lile lile la dopamini liliwaka walipoona sura ya mwenza. Kilichopungua, ukilinganisha na wapenzi wapya, ni zile sehemu zinazoambatana na wasiwasi na mawazo yasiyokatika, na zikaongezeka zile za utulivu na ukaribu. Yaani kinachozimika si lazima kiwe mapenzi. Mara nyingi ni mtetemo wake tu, na mtetemo ndio sisi vijana tunaoutumia kama kipimo. Tunaulizana, "Unasikia vipepeo tumboni?" Vipepeo hata miligramu 300 za kafeini zinaweza kukuletea.

Siku ya kumi nilimweleza kila kitu: daftari, siku kumi, hata sentensi ya siku ya tatu. Alicheka mwanzoni. Kisha akaacha kucheka.

"Kwa hiyo nilikuwa sampuli."

"Sampuli nilikuwa mimi," nilimwambia. "Wewe ulikuwa umeketi tu karibu."

Alifikiri. Akauliza ile siku ya tatu, kuhusu mifupa, kama kweli alichosha. Nikasema ndiyo, sana. Akasema anajua, dada yake humwambia hivyo hivyo, na kwamba kuanzia sasa nimkatishe ikizidi dakika kumi. Halafu akakaa kimya, na ukimya wake ulikuwa na kidonda kidogo ndani yake, nami nikauacha ukae. Kesho yake alitoa simu akawaambia wazee wakate tiketi.

Walikuja mwezi wa kumi na mbili. Koko aliwapokea kwa chai ya maziwa, na wao walitoa kifurushi cha akamwani, wakamwekea mkononi. Aliigeuza geuza punje moja, yeye aliyeilima kahawa zaidi ya miaka hamsini, akaitia mdomoni. Alitafuna mara tatu, akakunja uso, akauliza kwa adabu kama huko kwao watu hulala usiku.

Sasa hivi nakunywa kikombe kimoja, asubuhi, kijiweni, na baada ya saa sita mchana sinywi tena. Jambo gumu bado liko mbele yetu. Akimaliza shahada anataka kurudi Bukoba, na mimi maji ninayotaka kuyashughulikia yako huku, yanatiririka kutoka Meru, na watoto wanaoyanywa wanaota meno kama yangu. Tumelizungumza mara tatu na mara zote tatu hatukufika mwisho. Tumekubaliana tu kwamba tutalizungumza mchana, tukiwa tumekula, na yeyote kati yetu akisema amechoka, tunasimama hapo.